Maswali na Majibu: Kuhifadhi Turathi na Kumbukumbu za Wapiganaji wa Vita

Historia na Serikali, Karatasi ya Kwanza. Marudio kwa watahiniwa wa Mwiki, Ruiru na Thika.

Soma swali, funika jibu, andika lako, kisha linganisha. Neno la amri ndilo linaloamua urefu wa jibu. "Taja" hutaka hoja tu. "Eleza" hutaka hoja na ufafanuzi wake. "Tofautisha" hutaka pande mbili, na upande mmoja pekee haupati hata nusu ya alama.

1. Tofautisha askari komando na mpiganaji wa msituni. (alama 4)

Askari komando ni mwanajeshi wa dola aliyechaguliwa na kufunzwa kushambulia kwa kikosi kidogo, kwa kasi na kwa siri. Mpiganaji wa msituni ni raia aliyechukua silaha dhidi ya dola, akaishi katika eneo analolipigania na kutegemea chakula na habari kutoka kwa wakazi wake.

Mbinu zao hufanana: kikosi kidogo, giza, shambulio la ghafla, kutoweka. Hadhi zao hazifanani. Komando ana namba ya jeshi, mshahara, sare na faili. Mpiganaji wa msituni ana kiapo cha siri na jina la kubandikwa. Ukiandika kwamba wote walikuwa majasiri, hujatofautisha.

2. Eleza jinsi hadhi ya mpiganaji inavyoathiri uhifadhi wa kumbukumbu zake. (alama 6)

Kumbukumbu za komando huhifadhiwa na dola iliyomtuma. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976, makomando wa Israel walivamia uwanja wa ndege wa Entebbe nchini Uganda kuwaokoa mateka. Kamanda wa kikosi cha uvamizi, Yonatan Netanyahu, aliuawa. Alizikwa kwao kwa heshima za kijeshi, na Julai 2016 ndugu yake, Waziri Mkuu wa Israel wakati huo, alihudhuria hafla ya kumbukumbu pale pale Entebbe.

Kumbukumbu za mpiganaji wa msituni huandikwa kwanza na adui yake. Taarifa ya kukamatwa, maelezo ya mahojiano, mwenendo wa kesi na orodha ya walionyongwa ni nyaraka za serikali ya kikoloni. Kwa hiyo mtafiti wa Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopinga utawala wa Waingereza nchini Kenya, huanza na nyaraka za upande mmoja, kisha hutafuta masimulizi ya upande wa pili.

Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, ni mfano unaobeba pande zote mbili. Alipigana Burma akiwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni, katika Vita vya Pili vya Dunia, akaingia msitu wa Mlima Kenya, akakamatwa Januari 1954. Maelezo yake ya kwanza yaliandikwa na maafisa waliomhoji. Ya pili aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha 1967. Alipata nafasi hiyo kwa sababu aliachwa hai. Mtaje katika jibu lolote kuhusu vyanzo vya Mau Mau. Ni mfano ambao watahiniwa wengi huusahau.

3. Taja aina nne za turathi za vita. (alama 4)

Mahali, vitu, nyaraka na masimulizi. Alama moja kwa kila aina. Usieleze, hukuulizwa.

4. (a) Eleza mambo matano kuhusu kukamatwa, kushtakiwa na kunyongwa kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. (alama 5)

Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 katika eneo la Nyeri. Alishtakiwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Mashtaka yake yalikuwa kumiliki bastola na risasi kinyume cha sheria za hali ya hatari. Alihukumiwa kifo. Alinyongwa katika Gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Angalia shtaka. Kimathi hakunyongwa kwa kosa la kuua. Mtahiniwa anayeandika "alihukumiwa kwa mauaji" hupoteza alama hiyo.

Angalia pia tarehe. Oktoba 20 ni ya 1952: Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na usiku huo Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Oktoba 21 ni ya 1956: Kimathi alikamatwa. Kati ya siku hizo mbili kuna miaka minne, na kila mwaka kuna karatasi zinazozichanganya.

(b) Eleza kwa nini Gereza la Kamiti ni mahali pa turathi za vita, na matatizo ya kupahifadhi. (alama 10)

Kamiti ni mahali pa turathi kwa sababu tatu.

Kwanza, ni mahali pa kunyongea. Serikali ya kikoloni iliwanyonga Waafrika 1,090 kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na Kamiti ilikuwa mojawapo ya vituo vikuu vya kunyongea.

Pili, ni mahali pa kizuizi cha wanawake. Maelfu ya wanawake walioshukiwa kupeleka chakula, risasi na habari msituni walifungwa Kamiti. Mukami, mke wa Kimathi, alikuwa miongoni mwao.

Tatu, ni mahali pa kaburi. Kimathi alizikwa ndani ya eneo la gereza katika kaburi lisilo na alama. Mukami alidai mabaki ya mumewe kwa miongo mingi ili azikwe upya. Alifariki Mei 2023 bila kuyapata.

Matatizo ya kuhifadhi ni haya. Kamiti bado ni gereza lenye ulinzi mkali, kwa hiyo mahali hapafikiki kwa umma. Kaburi halina alama, na eneo limejengwa na kutumiwa kwa zaidi ya miaka 60. Mashahidi wa mazishi yenyewe walikuwa watumishi wa gereza, si jamaa wa marehemu.

Mtahiniwa wa Mwiki akitoka nyumbani kupitia Kahawa hufika ukuta wa Kamiti kabla ya mchana. Ataona ukuta, lango na askari. Kibao kinachomweleza nani alilala humo mwaka 1957 hatakiona. Huo ni mfano wa mahali penye turathi pasipo na uhifadhi. Mtahini akiuliza tofauti kati ya "mahali pa turathi" na "mahali palipohifadhiwa", Kamiti ndiyo jibu. Mahali pa turathi hufanywa na tukio. Mahali palipohifadhiwa hufanywa na sheria, alama na njia ya umma kufika.

5. Tofautisha sanamu ya Kimathi na mnara wa Mau Mau wa Uhuru Park. (alama 6)

Sanamu ya Kimathi iko kwenye Barabara ya Kimathi, katikati ya Nairobi. Ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007 na Rais Mwai Kibaki, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Inamwonyesha mtu mmoja, jina lake linajulikana, mkono mmoja bunduki, mwingine jambia.

Mnara wa Uhuru Park ulizinduliwa Septemba 2015 na kugharamiwa na serikali ya Uingereza kufuatia makubaliano ya 2013 (tazama swali la 6). Unamkumbuka kila mwathiriwa wa mateso ya kipindi cha ukoloni. Sanamu zake ni mwanamke anayempa mpiganaji chakula, na hawa wawili hawatazamani. Kila mmoja amegeuza uso. Sababu ni ya kivita: aliyekamatwa akateswa asiweze kumtaja ambaye hakumwona.

Kwa ufupi: sanamu ni ya kamanda, mnara ni wa mtandao uliomlisha. Uingereza iliyopigana na Mau Mau ndiyo iliyolipia mnara. Wengine huona jambo hilo kuwa kejeli. Kwa mtahini ni hoja, na ina alama.

6. Eleza umuhimu wa nyaraka zilizofichwa Hanslope Park. (alama 6)

Hanslope Park ni kituo cha serikali nchini Uingereza. Kabla ya uhuru, maafisa wa kikoloni walichoma nyaraka nyingi za Kenya na kusafirisha faili takriban 1,500 hadi Uingereza. Kwa miaka mingi serikali ya Uingereza haikukiri kuwa nazo.

Kuwepo kwake kulithibitishwa mwaka 2011 wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London. Nyaraka hizo zilionyesha kwamba wakubwa wa serikali walijua habari za mateso katika kambi za kizuizi. Oktoba 2012 mahakama iliamua kwamba kesi inaweza kuendelea licha ya muda uliopita. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Umuhimu wake ni huu: nyaraka za adui zilithibitisha masimulizi ya wapiganaji. Masimulizi pekee yalikuwa yamepuuzwa kwa nusu karne. Masimulizi yakiungwa mkono na nyaraka yalishinda. Kumbuka istilahi: huku ni kuthibitisha kwa vyanzo viwili.

7. Kisa cha Stanley Mathenge kinafundisha nini kuhusu uthibitisho? (alama 3)

Mathenge, kiongozi wa Mau Mau katika msitu wa Aberdare, alitoweka wakati wa vita. Ilisemekana alikwenda Ethiopia. Mwaka 2003 mzee kutoka Ethiopia aliletwa Nairobi na kupokewa kama shujaa, kisha vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba si yeye. Funzo: hamu ya kukumbuka si ushahidi.

8. Mti wa mugumo wa Thika ni ushahidi wa aina gani? (alama 3)

Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru alitabiri utawala wa wageni ungekwisha mti huo ukianguka, kwamba wakoloni waliuzungushia chuma usianguke, na kwamba ulianguka 1963. Haya ni masimulizi ya mdomo. Yanathibitisha walichoamini watu. Hayathibitishi kilichosababisha uhuru. Mahali pa mti pamehifadhiwa hadi leo.

9. Taja hatua tano za kisheria na kiserikali zilizowatambua wapiganaji wa uhuru. (alama 5)

Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa 2003. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ilipitishwa 2006. Sanamu ya Kimathi ilizinduliwa 2007. Katiba ya 2010, Kifungu cha 9, iliweka Sikukuu ya Mashujaa tarehe 20 Oktoba mahali pa Sikukuu ya Kenyatta. Sheria ya Mashujaa wa Kenya ilipitishwa 2014.

Hoja ya kwanza ndiyo nzito. Kwa miaka 40 ya uhuru, Mau Mau ilibaki chama haramu katika vitabu vya sheria vya nchi iliyoipigania. Ndiyo maana wazee wengi hawakusimulia. Ni makosa kusema hawakutaka.

10. Eleza kwa nini kumbukumbu za Mau Mau hugombaniwa katika Kaunti ya Kiambu. (alama 6)

Vita vilipiganwa pia kati ya Wakikuyu wenyewe. Upande mmoja walikuwa wapiganaji, upande mwingine walinzi wa kijiji, yaani homugadi, waliopewa silaha na serikali. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 huko Lari, familia za machifu na homugadi zilichomwa na kukatwakatwa. Kisasi kilichofuata kiliua watu wengi zaidi.

Kisha yako magenge bandia. Wapiganaji waliotekwa waligeuzwa, wakavalishwa nguo za msituni na kurudishwa kuwawinda wenzao chini ya maafisa kama Ian Henderson. Mtu wa namna hiyo alikuwa mpiganaji halisi mwaka 1953 na mwindaji mwaka 1955. Orodha ya mashujaa inamwandika upande gani? Mtahini hatarajii uamuzi. Anatarajia uonyeshe kwamba swali lipo, na utoe mfano.

Ardhi huzidisha ugomvi. Waliokuwa kizuizini wakati ardhi ilipopimwa na kugawanywa upya walirudi na kukuta mipaka imekwisha kuchorwa.

11. Umepewa kazi ya kurekodi masimulizi ya mpiganaji mzee anayeishi Mwiki. Eleza hatua tano. (alama 10)

Alama mbili kwa kila hatua: moja ya kuitaja, moja ya kueleza sababu.

Omba idhini. Kiapo cha siri bado kinawafunga wengine, na familia pia ina haki ya kukataa.

Andika mahali kwa ukamilifu. Kuna wadi ya Mwiki katika Kasarani, Kaunti ya Nairobi, na wadi ya Mwiki katika Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Lebo inayosema "Mwiki" bila kaunti haitamsaidia mtafiti wa baadaye.

Uliza mambo ya kila siku kabla ya mapigano: nani alileta unga, maji yalichotwa wapi, moto uliwashwaje bila moshi kuonekana. Majibu ya aina hii hayapatikani katika faili za polisi. Wanawake waulizwe sawasawa na wanaume. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Masho, alibaki na nywele ndefu za msituni hadi Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023. Nywele ni kitu, na kitu chochote cha vita huhitaji maelezo ya mwenyewe ili kiwe turathi.

Linganisha na nyaraka. Jina, kambi na mwaka wa kuzuiliwa vitafutwe katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Masimulizi yakitofautiana na faili, andika yote mawili bila kusahihisha lolote.

Weka nakala mbili, moja kwa familia na moja katika hifadhi ya umma. Rekodi iliyobaki kwenye simu ya mwanafunzi haihesabiwi kuwa imehifadhiwa, na haina alama.