NENO "BALANCE": UKILIONA, ULIZA NI SALIO LA NANI

Leo tunajifunza neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni "balance". Bila shaka umekwisha kuliona. Limo kwenye simu, limo kwenye karatasi za benki, limo hata kwenye mizani ya zahanati ambayo watoto wetu hupimiwa.

Neno hili tulikwisha kulifundisha darasani, na tulilifundisha nusu. Tuliandika ubaoni: balance = salio. Wanakisomo wakanakili, tukafuta ubao, tukaendelea na mambo mengine. Sasa soma yaliyotokea.

Mama mmoja, mhitimu wa darasa letu, alikopa shilingi 500,000 ili apanue biashara yake ya dagaa. Riba ilikuwa shilingi 50,000. Kwa hiyo alitakiwa kurudisha 550,000, kila mwezi 55,000, kwa miezi kumi. Wenzake wanne katika kikundi walimdhamini. Mama huyu ni mlipaji mzuri. Miezi sita ya kwanza hakuchelewa hata siku moja. Baada ya mwezi wa sita wakopeshaji wakampa karatasi ya hesabu yake. Karatasi yote ilikuwa ya Kiingereza, ingawa wakopaji wote wa pale ni watu wa Kiswahili. Kwa nini waliandika hivyo, sisi hatujui. Mstari wa mwisho ulisema: "Outstanding balance 220,000".

Mama akasoma mwenyewe. Hakumwomba mtu amsomee, na hilo lilimfurahisha. Neno la kwanza lilikuwa refu, akaliruka. La pili alilijua: balance ni salio. Tarakimu alizijua: laki mbili na elfu ishirini. Basi akasema moyoni, "Kumbe nina akiba huku!" Mwezi wa saba hakupeleka hela. Mwezi wa nane vile vile. Alisema wakate humo humo kwenye salio lake.

Hakukuwa na salio lake. Ile 220,000 ilikuwa deni. Piga hesabu: 550,000 toa 330,000 alizolipa, zinabaki 220,000. Ni fedha zilizobaki, kweli, lakini zilizobaki kulipwa. Faini ikaongezeka. Wale wadhamini wanne wakachangishwa, na mmoja wao hadi leo hamsalimii. Mama akauza mbuzi wawili akamaliza deni lote. Kisha akaja ofisini kwetu na lile daftari lake la kisomo mkononi, akalifungua mbele yetu.

"Walimu," akasema, "si ninyi mlioandika hivi?"

Tulikuwa hatuna jibu. Ndiyo maana tunaliandika somo hili upya, na safari hii hatufuti ubao mapema.

Tuanze na kulisoma. Linaandikwa b-a-l-a-n-c-e. Katika Kiswahili herufi c haikai peke yake, lazima ifuatane na h: cha, chi, chungu. Katika Kiingereza inakaa peke yake, na hapa inasomwa kama s. Ile e ya mwisho haisomwi kabisa. Kwa hiyo sauti yake ni karibu na "balansi". Mara nyingine wenye duka hulifupisha, wakaandika "Bal." tu. Ni neno lile lile.

Neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na asili yake ni Kilatini, lugha ya kale ya Roma. Lilitokana na maneno mawili: "bi", yaani mbili, na "lanx", yaani sahani. Sahani mbili. Bila shaka umeshaona mizani ya namna hiyo sokoni: sahani moja ina jiwe la kilo, sahani ya pili ina maharage. Zikilingana, maharage ni kilo moja. Upande mmoja ukipungua, unaongeza kitu mpaka zilingane.

Shika picha hiyo ya sahani mbili, kwa sababu maana zote za neno hili zimetoka humo.

Maana ya kwanza ndiyo hiyo, mizani yenyewe. Lakini siku hizi siyo lazima iwe na sahani mbili. Ile mizani ya saa inayoning'inizwa kliniki, mtoto akavalishwa kaptula ya kitambaa akapiga kelele kijiji kizima kikasikia, nayo huitwa "spring balance". Ndani yake mna springi. Uzito unavuta springi, na springi inazungusha mshale. Zile zinazotumika sana kliniki zinapima mpaka kilo 25, na kila kistari kidogo ni gramu 100. Wanunuzi wa mazao nao wanazo za kwao, kubwa zaidi. Tukiwa hapo tuseme jambo moja. Kabla gunia halijaningʼinizwa, tazama mshale. Unatakiwa uwe kwenye sifuri. Ukiwa chini ya sifuri kwa kilo mbili, basi kila gunia lako litaibiwa kilo mbili, na hutaona chochote kwa sababu macho yako yatakuwa kwenye gunia. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kupigwa chapa. Una haki ya kuuliza chapa iko wapi.

Sasa tuingie kwenye hela. Hapa ndipo penye miba.

Mtu wa hesabu huandika fedha pande mbili, kama zile sahani. Huku zilizoingia, huku zilizotoka. Pande hizo zisipolingana, ile tofauti inayozitenganisha ndiyo "balance". Kiswahili tunasema salio, au baki. Angalia vizuri: salio ni tofauti tu. Neno lenyewe halisemi tofauti hiyo ni mali ya nani. Umeweka benki 300,000 ukatoa 100,000, salio ni 200,000 na ni lako. Umekopa 300,000 ukalipa 100,000, salio ni 200,000 na ni la benki. Neno moja na tarakimu zile zile, lakini mmoja anakwenda nyumbani akiimba na mwingine anakwenda kutafuta mbuzi wa kuuza.

Kwa hiyo ukiona "balance", jibu halimo ndani ya neno hilo. Tazama majirani zake. Ukiona "loan" karibu, huo ni mkopo, na salio ni deni. Ukiona "outstanding", maana yake bado halijalipwa. (Neno hili nalo lina vituko vyake. Kwenye ripoti ya mtoto anayesoma shule ya Kiingereza ni sifa kubwa, yaani amefanya vizuri sana. Kwenye karatasi ya mkopo siyo sifa hata kidogo.) Ukiona "due", ni fedha inayotakiwa kulipwa. Lakini ukiona "savings", hiyo ni akiba, na salio ni lako.

Kwenye taarifa za benki unaweza kukuta herufi mbili pembeni ya tarakimu. CR maana yake fedha hizo ni zako, benki inakuwekea. DR maana yake benki inakudai. Mara nyingine badala ya DR huwekwa kistari cha kutoa mbele ya tarakimu. Kistari ni kidogo kama mguu wa sisimizi, usikiruke. Mwekahazina wa kikundi chenu akikwambia kwamba katika daftari lake mambo hayo yamegeuka, usigombane naye. Yeye anaandika akiwa upande wa kikundi na benki inaandika ikiwa upande wa benki. Hilo tutalisoma siku nyingine.

Benki hiyo hiyo inaweza kukuonyesha salio mara mbili, na tarakimu zisilingane. Usifikiri umeibiwa. "Available balance" ni kiasi unachoweza kutoa leo. Nyingine huhesabu fedha zote zilizoandikwa kwa jina lako, hata zile ambazo bado zimezuiwa, kama hundi ambayo haijapita. Na "minimum balance" ni kile kiasi ambacho lazima kibaki ndani. Ukipanga safari ya kwenda kununua mbolea, panga kwa "available", siyo kwa ile kubwa inayopendeza.

Simu ni rahisi zaidi. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008. Huku kwetu ujumbe unaweza kuja kwa Kiswahili, "salio lako jipya", nasi tukazoea kwamba salio ni hela ya mwenye simu. Hapo ndipo mama yetu alipozoea, na sisi walimu pia. Ndugu zetu Wakenya wengi hupata ujumbe wa Kiingereza, "New M-PESA balance is", kisha tarakimu. Wasomaji wa Sirari na Tarime wanaovuka mpaka watasikia jingine tena. Dukani kwa Mkenya, "balance" ni chenji. Akikwambia "chukua balance yako", usimwulize mizani iko wapi. Nyosha mkono.

Lakini risiti za dukani zinataka uangalifu. Tazama mifano hii miwili. Umepeleka kitambaa kwa fundi cherehani, bei ni 50,000, umetanguliza 30,000. Fundi anaandika "Bal. 20,000". Wewe ndiye unayedaiwa. Siku ya pili umenunua sukari na sabuni za 8,000, umetoa noti ya 10,000, mwenye duka hana chenji. Naye anaandika "Bal. 2,000". Sasa yeye ndiye anayedaiwa. Karatasi mbili zinafanana kama mapacha! Na baada ya wiki tatu, nani atakumbuka? Sisi tunawashauri watu wetu waandike kwa penseli, pale pale dukani, neno moja la Kiswahili ubavuni: "nadaiwa" au "nadai". Mwandiko hata ukiwa mbaya hauna neno. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, andika kwa kalamu ya wino.

Wanachama wa SACCOS na vyama vya mazao watakutana na "balance sheet" kwenye mkutano mkuu. Kiswahili ni mizania, na unaona mwenyewe kwamba neno letu nalo limezaliwa na mizani. Upande mmoja huandikwa mali za chama: fedha benki, ghala, mikopo iliyoko kwa wanachama. Upande wa pili huandikwa mali hiyo imetoka wapi: madeni ya chama, akiba na hisa za wanachama. Pande hizi lazima zilingane. Tumekaa mikutano mingi tukasikia mwenyekiti akisema, "Ndugu wanachama, mizania imelingana," na watu wakapiga makofi. Ngoja kwanza. Kulingana hakuonyeshi kwamba chama kimepata faida, wala kwamba hakuna aliyeiba. Karatasi ikisema kuna magunia 400 ghalani, itaweza kulingana vizuri kabisa hata kama ghalani kuna 350. Karatasi haiendi ghalani. Lazima watu waende.

Maana nyingine tuzipitie haraka. Mtu akisimama kwa mguu mmoja asianguke, ana "balance". Mwendesha baiskeli vile vile, na akina mama wanaobeba ndoo kichwani bila kuishika ni mabingwa wa jambo hilo, ingawa hawapewi kombe. Mafundi wa gereji wanasema "balansi ya tairi": wanabandika vipande vidogo vya risasi kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke. Bango la kliniki likiandika "balanced diet", ile d imeongezwa mwishoni, na maana yake ni mlo kamili, yaani ugali usilemee sahani peke yake, maharage, mboga na matunda yawepo. Na redioni ukisikia "urari wa malipo ya nje", Kiingereza chake ni "balance of payments": fedha zinazoingia nchini na zinazotoka.

Sasa zoezi. Soma karatasi hizi nne. Kwa kila moja andika daftarini "langu" au "lao", kisha andika ni neno gani lililokuonyesha.

Ya kwanza: "Savings account. Balance 145,000."

Ya pili: "Loan. Total paid 90,000. Balance 60,000."

Ya tatu: "Balance 75,000 DR."

Ya nne ni kijikaratasi cha duka, kina tarehe na maneno haya tu: "Bal. 5,000."

Yule mama alizifanya hizi ofisini kwetu wiki iliyopita. Tatu za mwanzo alizipata bila kusita. Ya nne aliigeuza, akatazama nyuma, akaturudishia. Akasema, "Hii siwezi kuijibu mpaka niende kwa mwenye duka." Tukampa alama zote.