Nguruzi, Kizibo Kidogo cha Mashua

Wakati wa likizo nilikwenda Katwe kumsaidia mjomba wangu, ambaye ana mashua kuukuu ya mbao ya kuvulia samaki katika Ziwa Edward. Kutoka kwetu Bwera twapita Kikorongo, twavuka mstari wa ikweta, kisha twashika njia ya Katwe. Nilitumaini kujifunza kutega nyavu. Lakini somo kubwa nililolipata lilitoka katika kitu kisichozidi kidole gumba kwa unene.

Kitu hicho ni kizibo cha mashua. Watu wa pwani wana jina lake hasa, nao hukiita nguruzi. Kazi yake ni hii. Mashua hukusanya maji ya mvua, ute wa samaki, magamba na mchanga, na uchafu huo wote hukaa chini kabisa. Ukiuacha, mbao huoza na harufu huwa mbaya. Katika mitumbwi mingi maji hayo huchotwa kwa kopo. Mashua nyingine zina tundu katika tezi, yaani upande wa nyuma, karibu na sakafu. Mashua ikivutwa pwani, watu huinua omo, huchomoa nguruzi, humwaga maji safi ndani, na taka zote hutoka zenyewe.

Basi tundu limetobolewa makusudi ili maji yatoke. Lakini maji hayajui makusudi yetu. Mashua ikisharudi ziwani, tundu lile lile ni mlango wa kuingilia.

Siku moja mchana nilipewa kazi ya kuosha mashua na kufunga nguruzi. Ilikuwa ya shaba, yenye meno ya kuzungushia, nayo hukazwa ndani ya pete ya shaba iliyoshikizwa katika mbao. Nilipoizungusha iliteleza bila kukaza, kwa kuwa meno yalikuwa yamelika. Naliona haya kusema, maana nalidhani nitaambiwa kuwa mimi ndiye niliyeiharibu. Nikaizungushia kitambaa, nikaisukuma kwa nguvu, nikanyamaza.

Jioni tulitoka, watu wanne. Tulipokuwa mbali na pwani nilihisi baridi miguuni. Kitambaa kilikuwa kimetoka pamoja na nguruzi, na maji yalikuwa yamefika vifundoni. Upande wetu wa kulia viboko walikuwa wakipumua. Mjomba hakupiga kelele. Alivua shati lake, akalikunja, akaliziba tundu kwa kisigino, na sisi tukachota maji kwa ndoo mpaka tukafika pwani. Ndipo nilipomwambia ukweli. Akanijibu, "Mwanangu, kizibo kibovu si kosa lako. Kosa lako ni kuninyima habari."

Shuleni tulipiga hesabu ya jambo hilo. Tundu lenye upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya uso wa maji, huingiza mwanzoni zaidi ya lita 40 kwa dakika moja, yaani kama madebe mawili. Kwa mwendo huo, katika dakika kumi mashua imebeba kilo 400, uzito wa watu sita hivi! Na kadiri tundu linavyokuwa chini zaidi, ndivyo maji yanavyosukuma kwa nguvu zaidi.

Kesho yake tuliweka nguruzi mpya. Yafaa kufuata taratibu hii:

1. Chukua nguruzi ya zamani dukani ukailinganishe na mpya. Nasi tulikwenda nayo Kasese. Unene ukiwa sawa lakini meno yakatofautiana, usinunue, maana ukilazimisha utaharibu pete.

2. Safisha pete kwa brashi, kisha itazame. Ikiwa imelegea katika mbao, au mbao pembeni ni laini ukizichoma kwa ncha ya kisu, tengeneza hapo kwanza.

3. Weka pete mpya ya mpira. Mpira wa zamani hukauka na kupasuka kwa jua.

4. Paka grisi kidogo kwenye meno. Anza kuzungusha kwa vidole, na umalizie kwa spana bila kutumia nguvu nyingi.

5. Funga nguruzi kwa kamba fupi ndani ya mashua ili isipotee inapochomolewa. Chini ya kiti weka kizibo cha mti kilichochongwa chembamba mbele na kinene nyuma, pamoja na nyundo.

6. Ukishaishusha mashua majini, ngoja kidogo, tazama sakafu, ndipo uondoke.

Somo hili si la mashua za mbao peke yake. Katika miaka ya 1950 Bill Hamilton wa New Zealand alitengeneza mashua ziendazo kwa pampu, zifae katika mito ya nchi yake yenye mawe na maji machache. Pampu huvuta maji kutoka chini ya mashua na kuyarusha nyuma kwa nguvu, na mashua huenda mbele. Majani na changarawe huweza kuikwamisha, kwa hiyo baadhi yake zina tundu la kusafishia lenye kifuniko. Hapo pia sheria ni ile ile. Zima mashine kabla ya kufungua. Ikiwa tundu liko chini ya usawa wa maji, vuta mashua pwani kwanza. Na mpira wa kifuniko ukiwa mgumu, ubadilishe.

Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katikati ya ziwa hakuna ukuta wa kujenga. Tangu siku ile, nikiona kitu kimelika, hata kiwe kidogo namna gani, nasema kabla hatujaondoka pwani.