Mwanachuo, Mkaribishe Filipo Garini

Leo fungua Matendo ya Mitume 8:26-40, soma taratibu, halafu twende moja kwa moja chuoni.

Yule towashi wa Ethiopia hakuwa mtu mdogo. Alisimamia hazina yote ya malkia wake, alikuwa na gari lake, na mkononi alikuwa na kitabu cha nabii Isaya enzi ambazo kitabu kilikuwa mali ya wachache. Lakini Filipo alipomuuliza kama anaelewa anachosoma, alijibu waziwazi kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, akamkaribisha apande akae naye. Waziri wa fedha mzima anamwambia mtembea kwa miguu: sijaelewa, nisaidie!

Mwaka huu nimetumwa kwenye uchungaji katika parokia iliyo karibu na chuo. Vijana wa TMCS wananiletea mambo mengi, ila la masomo huwa linakuja mwisho, tena likiwa limeshaharibika. Mmoja alinijia na sapu tatu akataka nimwombee. Tulisali. Kisha nikamuuliza, mhadhiri wa somo anasemaje? Hajawahi kuonana naye. Semina je? Anakaa nyuma, anasaini mahudhurio, anaondoka. Na ni kijana mwenye akili, kidato cha sita alitoka na divisheni wani. Amezoea kuwa kinara wa darasa, kwa hiyo kusema "sijaelewa" mbele ya wenzake kwake ni kama kuvuliwa shati hadharani.

Ndugu yangu, kwenye ada uliyolipa, au uliyolipiwa na Bodi ya Mikopo, umo mshahara wa watu ambao kukusaidia ni sehemu ya kazi yao. Anza na mhadhiri. Wengi wana saa za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni, na mara nyingi hakuna anayebisha hodi mpaka wiki ya mtihani. Usiende kumwambia "Dokta, somo lako gumu." Nenda na daftari, onyesha mstari: hadi hapa nimefuata, kuanzia hapa nimepotea. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Sokrate anamhoji mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jometri hadi anafika kwenye jibu lenyewe. Kijana yule anaanza kwa kujiamini na kukosea. Anasogea pale tu anapokiri kwamba hajui. Nilisoma hiyo mwaka wa kwanza wa falsafa na bado nairudia.

Usisubiri mwisho wa muhula. Vyuo vyetu vingi vinatoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Maana yake jaribio la kwanza likirudi na alama 6 kwa 20, umeshapewa taarifa mapema, na wiki za kurekebisha bado zipo.

Halafu maktaba. Ile mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa 2018 kwa msaada wa China, inachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Wengi wanaingia humo kusoma madesa waliyotoka nayo hosteli! Mtu wa kumtafuta ni mkutubi. Kuna mpango wa kimataifa unaoitwa Research4Life unaofungulia vyuo vya nchi kama yetu majarida ya kitaaluma ambayo kwingine yanauzwa ghali: Hinari kwa mambo ya afya, AGORA kwa kilimo, na mingineyo. Nywila inatolewa kwa chuo, haipewi mtu mmoja mmoja, kwa hiyo muulize mkutubi kama chuo chako kimejiunga na unaingiaje. Hilo ni swali la dakika tano.

Kuhusu Kiingereza sitasema mengi. Wengi wetu tumesoma msingi kwa Kiswahili, kisha tukabadilishiwa lugha ghafla sekondari. Somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, ambalo watu wanaliona la kujaza ratiba, liliwekwa kwa ajili yako.

Ila kuna shida ambazo hakuna mhadhiri wa kuzifundisha: malaria wiki ya mtihani, msiba nyumbani, mawazo yanayokunyima usingizi. Hapo nenda kwa mshauri wa wanafunzi, na kwa padre mlezi pia. Vyuo vina utaratibu wa mtihani maalumu kwa aliyeugua, na wa kuahirisha masomo kwa aliyezidiwa. Anayekaa kimya hosteli, asitokee kwenye chumba cha mtihani, anahesabiwa mtoro, na kudisko kunaanzia hapo. Andika barua kabla ya siku ya mtihani, ambatisha cheti cha daktari, ipeleke mwenyewe au mtume mwenzako wa jumuiya, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.