Unaunda droni? Panga pesa kabla ya kuirusha

Kuanzia Kibera hadi Kongo, Kawangware, harusi siku hizi zinataka picha za angani. Kazi ipo, lakini shilingi ya kwanza iende wapi?

1. Leseni kwanza. Kanuni za mwaka 2020 zinataka anayerusha droni kibiashara awe na leseni ya rubani, na biashara iwe na cheti cha KCAA. Kabla ya kulipa karo, uliza KCAA kama shule hiyo imeidhinishwa. Lipa kwa Paybill au Till ya shule, si kwa nambari ya mtu. Jina likikuja tofauti, sitisha malipo.

2. Vipuri pole pole. Uliza kwanza kuhusu kibali cha kuagiza na kuunganisha. Halafu piga hesabu: mota zote 4 ziweze kuinua angalau mara 2 ya uzito. Droni ya kilo 1.2 inahitaji mota za gramu 600 kila moja. Ukijua hivyo mapema, hutanunua mara mbili. Usifute SMS za malipo, hizo ndizo risiti zako.

3. Usijaribie mtaani. Uwanja wa Wilson uko karibu na Kibera, na kurusha hapo bila idhini ni makosa. Nyumbani, jaribu mota bila propela.

Weka akiba ya shilingi 500 kila wiki. Baada ya wiki 52 utakuwa na 26,000, bila mkopo wa mtu.