Kushika Bakuli la Mti kwenye Mashine ya Kukereza ili Kumalizia Kitako

Utangulizi

Mtu akiliona bakuli la mti juu ya meza hulisifu kwa umbo lake na kwa ulaini wa ukingo wake. Fundi akilishika, jambo la kwanza afanyalo ni kuligeuza na kutazama kitako. Hapo ndipo hutambua kama kazi imekamilika au imeachwa njiani: matundu ya skrubu, alama za bobari, au kitako kinachochezacheza mezani.

Mwalimu mwanafunzi atakayefundisha kazi za mikono hana budi kuijua hatua hii kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo hatua ambayo kazi nyingi huharibikia. Pili, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, ilhali mbele ya mwalimu wapo watoto wanaotazama.

Tatizo lenyewe

Tunapoanza kukereza bakuli, gogo hufungwa kwa skrubu kwenye sahani ya chuma ya mashine, na skrubu hizo huingia upande utakaokuwa kitako. Nje hukerezwa, kisha ndani huchimbwa. Mwishowe bakuli huwa tayari isipokuwa sehemu moja tu, yaani ile iliyokuwa inalishika. Sasa tunataka kuimalizia sehemu hiyo, lakini tukiifungua bakuli halina mshiko. Basi ni lazima tuligeuze, tulishike kwa ukingo wake, tena bila kuukwaruza.

Kwa mfano wetu tuchukue bakuli lenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo cha milimita 80, ambalo sehemu yake pana kuliko zote ni ukingo.

Vifaa

Tayarisha kibao cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 25 na unene wa sentimita 4, kilichokauka vizuri. Bobari na patasi zilizonolewa. Bikari, rula, penseli na msasa. Kipande kidogo cha mti laini. Miwani ya kukinga macho. Na kitambaa cha kufunika pua. Vumbi la mvule na la mninga huwasumbua watu wengi, wakapiga chafya na kuwashwa. Kwa hiyo kitambaa kisisahauliwe.

Hatua za kazi

1. *Pima kabla ya kukata.* Weka rula juu ya ukingo wa bakuli, upime kina cha ndani. Tuseme ni milimita 64. Kimo cha nje ni milimita 80. Basi unene wa kitako ni 80 − 64, yaani milimita 16. Ikiwa matundu ya skrubu yana kina cha milimita 7, tukiondoa milimita 8 matundu yatatoweka na zitabaki milimita 8. Andika hesabu hiyo ubaoni. Fundi asiyepima hugundua unene wa kitako siku anapokitoboa.

2. *Chimba mfuo katika kibao.* Funga kibao kwenye sahani ya chuma kwa skrubu fupi zisizoweza kufikia mahali pa kuchimba. Kisawazishe uso, kisha kwa bikari chora duara lenye kipenyo cha ukingo. Chimba mfuo wenye kina cha milimita 5. Ukuta wa nje wa mfuo uwe na mteremko mdogo: mdomoni uwe mpana kidogo kuliko bakuli, chini uwe mwembamba kidogo. Hivyo bakuli litaingia kwa urahisi, kisha litakaza kadiri linavyosukumwa. Mashine isimame kabisa kila unapojaribu.

3. *Liingize bakuli kifudifudi.* Ukingo ukae sawasawa katika mfuo pande zote. Mfuo ukilegea kidogo, tia ukanda wa karatasi. Ukilegea sana, chimba mwingine. Usijidanganye kwa kurundika karatasi.

4. *Sogeza ncha ya nyuma.* Huu ndio moyo wa somo. Weka kile kipande cha mti laini katikati ya kitako ili ncha isizame, kisha kaza kiasi cha kulisukuma bakuli kwenye kibao. Usikaze mno, kwani kitako chembamba huweza kupasuka. Zungusha kwa mkono, uhakikishe kwamba bakuli haliyumbi na haligusi egemeo la bobari.

5. *Kata kidogo kidogo.* Anza kwa mwendo wa chini, usiozidi mizunguko 500 kwa dakika. Kereza kutoka pembeni kwenda karibu na katikati, ukiondoa maganda membamba. Kipe kitako mbonyeo wa milimita 2 hivi, ili bakuli likalie duara la nje; kitako kilichotuna katikati huzunguka mezani kama pia. Unene wa katikati utabaki milimita 6.

6. *Acha kisiki.* Chini ya ncha ya nyuma patabaki kisiki. Kipunguze hadi kipenyo cha milimita 15, kisha usimamishe mashine. Usikikate chote bakuli likiwa linazunguka. Piga msasa, ondoa ncha, gonga kibao taratibu kwa nyundo ya mti hadi bakuli lilegee. Kisiki ukiondoe mezani kwa patasi kali, kisha upige msasa kwa mkono.

Kwa nini ncha ya nyuma?

Wanafunzi huuliza: kama mfuo umekaza, ncha ni ya nini? Usiwajibu kwa amri; wajibu kwa somo la wenzo. Mfuo unalishika bakuli kwa kina cha milimita 5 tu, lakini bobari inakisukuma kitako kilicho umbali wa milimita 80. Anayesukuma ana mkono mrefu mara 16 kuliko anayeshika. Mpe mwanafunzi kopo tupu la rangi lenye kifuniko kilichokazwa: akikivuta kwa vidole hakitoki, lakini akikinyanyua pembeni kwa bisibisi kinafunguka mara moja. Bobari ikinasa, huwa ndiyo bisibisi hiyo. Ncha ya nyuma huliondolea bakuli nafasi ya kunyanyuka.

Kisha wapigishe hesabu ya mwendo. Mzingo wa bakuli letu ni 3.14 × 0.20, yaani mita 0.628. Kwa mizunguko 500, ukingo husafiri mita 314 kwa dakika, karibu kilomita 19 kwa saa. Kwa mizunguko 1,500 hufikia kilomita 56 na zaidi, kama gari barabarani.

Mahali pa kusimama watoto

Hapa sina budi kueleza lililonipata mimi. Katika mazoezi yangu ya kufundisha niliwapanga watoto mbele ya mashine, kwenye mstari mmoja na bakuli, wapate kuona vizuri. Mfuo ulikuwa umelegea kidogo, nikaona aibu kusimamisha somo. Niliondoa ncha ya nyuma nimalizie katikati. Bobari ilinasa, bakuli liliruka, likapita kando ya sikio la mtoto mmoja, likapasuka ukutani. Hakuna aliyeumia. Watoto walicheka na kushangilia, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mimi nilikaa kitini, mikono ikitetemeka.

Siku ile nilijifunza kwamba aibu ya mwalimu si kitu mbele ya usalama wa mtoto. Kitu kinachozunguka kikiachia huruka kwa kufuata mkabala wa ukingo wake. Kwa hiyo watoto wasisimame kamwe katika mstari wa ukingo. Wapange upande wa ncha ya nyuma, angalau mita 3 kutoka kwenye mashine, uchore mstari wa chaki sakafuni. Watoto wa shule ya msingi watazame, wapime, wahesabu na kupiga msasa mezani. Mashine aiendeshe mwalimu peke yake.

Makosa ya kawaida

- *Kuacha kazi hadi kesho.* Mti unapokauka hupungua zaidi kwa kufuata duara za ukuaji kuliko kutoka kiini kwenda gome, hivyo ukingo wa mviringo huwa yai. Chimba mfuo na kumalizia kitako siku ile ile ukingo ulipokerezwa. Mninga uliokauka hubadilika kidogo tu, ndiyo maana wafaa kwa mafunzo.
- *Kulibana bakuli kwa ndani.* Kibao kinachosukuma ukingo kwenda nje huweza kulipasua bakuli. Mfuo unaoukumbatia kwa nje ni salama zaidi.
- *Bobari butu.* Bobari butu hutaka nguvu, na nguvu ndiyo inayolinyanyua bakuli.

Maswali ya kujipima

1. Bakuli lina kimo cha milimita 70 na kina cha milimita 58. Matundu ya skrubu yana kina cha milimita 9. Je, yaweza kuondolewa yote, na kitako kikabaki na unene wa kufaa? Toa ushauri wako.
2. Chora ramani ya karakana yenu, uonyeshe mahali pa mashine, mwalimu, na wanafunzi 40.
3. Katikati ya somo unagundua kwamba mfuo umelegea. Andika maneno utakayowaambia wanafunzi.

Swali la tatu lisipuuzwe. Mwalimu anayeweza kusema mbele ya darasa, "Tusimamishe kwanza, nimekosea kipimo," amekwisha kufundisha jambo ambalo mtoto atalichukua katika kila kazi atakayoishika baadaye.