Joto, Lithiamu na Betri za Chumvi Oevu

Katika nyumba nyingi za vijiji vya Bariadi, taa ya jua huanikwa juu ya bati tangu asubuhi ili ipate chaji ya usiku. Ifikapo saa nane mchana, bati hilo huwa na joto lipitalo kwa mbali lile la hewa, na betri iliyomo ndani ya taa hupikwa pamoja nalo. Kwa hiyo suala la joto na betri si la maabara za Ulaya peke yake. Linauhusu Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012, unaosifika kwa pamba, na ambao huko Dutwa una nikeli, madini yatumikayo katika betri nyingi za siku hizi.

Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote. Gramu moja yake huweza kuhifadhi umeme wa miliampea-saa 3,860, yaani zaidi ya mara kumi ya grafiti iliyomo katika betri za kawaida. Mbona basi haijaenea? Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu husafiri hadi ncha hasi, hupokea elektroni na kugeuka metali. Metali hiyo haitandi sawasawa kama chokaa ukutani. Huota vijiti na matawi mithili ya michongoma. Tawi likifika ncha ya pili hutokea shoti, na majimaji ya betri, ambayo aghalabu huwaka upesi, hushika moto. Mwaka 1989 betri za namna hiyo za kampuni ya Moli Energy ya Kanada zilirudishwa kiwandani kwa sababu ya hatari ya moto. Mwaka 1991 Sony ya Japani ilianza kuuza betri zilizotumia kaboni mahali pa metali.

Njia moja ya kuirudia metali ni kubadili majimaji yenyewe. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za sentigredi. Hata hivyo, mwaka 1914 Paul Walden alieleza chumvi iyeyukayo kwenye nyuzi 12 tu. Siri yake ni umbo: ioni kubwa zisizo na ulinganifu hazipangiki vizuri, hivyo hubaki oevu. Chumvi za aina hii karibu hazitoi mvuke, wala hazishiki moto kwa urahisi. Kasoro yake ni mnato. Zile zinazojaribiwa katika betri huwa nzito kuliko maji kwa mbali.

Hapo ndipo joto linapoingia. Asali ya asubuhi ya Julai humiminika kwa shida, ya adhuhuri hutiririka. Chumvi oevu nazo ni vivyo hivyo. Kutoka nyuzi 25 hadi 60, mnato waweza kushuka hadi theluthi moja au chini yake. Ioni ya lithiamu, iliyozungukwa na ioni hasi kadhaa inazoziburuta kama mzigo, hapo hupata kwenda. Majimaji yakiwa baridi na chaji ikiwa ya haraka, ioni zilizo karibu na ncha huisha kabla nyingine hazijawasili. Metali hukua pale tu ioni zinapopatikana, yaani kwenye vilele, na matawi huanza. Yakiwa ya moto, mbegu za metali huwa chache, kubwa na za mviringo.

Lakini joto hilohilo huchochea kemia isiyotakiwa. Juu ya lithiamu hujengeka utando mwembamba uilindao. Joto likizidi, utando huharibika na kujengwa upya, kila mara ukila lithiamu na majimaji. Kuchagua kiwango cha joto ni kupima faida dhidi ya hasara hiyo.

Kwa Simiyu lipo jambo la kufurahisha: jua huchaji mchana, saa zilezile ambazo joto huisaidia lithiamu kutanda vizuri, na taa hutumia umeme kidogo kidogo usiku. Lakini betri za taa za leo si za chumvi oevu, na kwazo joto la bati ni hasara tupu. Kama paneli ina waya mrefu, na iachwe juani peke yake, betri iwekwe kivulini.