Umenunua Subaru ya Mtumba? Pesa ya Kwanza Isiende kwa Ekzosi

Gari imelipwa, logbuku imeingia kwa jina lako, na Impreza WRX ya turbo iko nje ya nyumba. Jioni hiyo hiyo simu inaanza kujaa picha: rimu za inchi 18, springi fupi za kushusha gari chini, ekzosi ya kunguruma hadi majirani waamke. Tunaelewa. Hakuna mtu hununua gari ya spoti ili aendeshe kama basi la shule.

Leo tuchukue mfano wa mtu aliyebaki na shilingi 100,000 kwa simu baada ya kununua gari. Tuone ziende wapi, na zikienda, zilipwe namna gani.

Anza na kile hakionekani

Mabadiliko ya kwanza kwa gari ya mtumba ni sevisi. Haipigwi picha, lakini ndiyo inaamua kama utakuwa na gari mwezi ujao.

Kitu cha kuuliza fundi mapema ni mkanda wa taimingi. Subaru za turbo zenye injini ya EJ, yaani EJ20 na EJ25, zinatumia mkanda wa mpira. Ukikatika gari ikitembea, vali zinagongana na pistoni, na hapo hutafuti mkanda tena, unatafuta injini nzima. Kwa gari za soko la Japani, mkanda huo hubadilishwa zikifika kama kilomita 100,000. Sasa gari yako inasoma 112,000 na aliyekuuzia anasema, "Hiyo ilibadilishwa kitambo." Mwombe risiti. Kama hana, hesabu kwamba haikubadilishwa. (WRX za miaka ya karibuni zenye injini ya FA20 zinatumia cheni, kwa hivyo hakikisha kwanza ni injini gani uko nayo kabla ya kununua kitu.)

Ukifungua hapo, badilisha na rola zake na pampu ya maji pia. Pampu inazungushwa na mkanda huo huo, na kazi ya kufungua ni ile ile. Kulipa fundi mara mbili kwa kazi moja ni kutupa pesa.

Halafu oili. Turbo inalainishwa na oili ile ile ya injini, na injini hizi zinajulikana kwa kunywa oili kidogo kidogo. Chomoa kijiti upime kila ukijaza tangi. Kama hujui oili iliyo ndani ni ya lini, imwage uweke mpya, kisha usivuke kilomita 5,000 kabla ya kubadilisha tena.

Kusimama kabla ya kukimbia

Pesa ikibaki, na tunatumai itabaki, nenda kwa breki na tairi. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa. Yakikaa miaka, yanachemka breki zikipata moto, na pedali inazama hadi chini bila gari kushika. Ni kitu hutaki kujulia kwenye mteremko wa Mai Mahiu nyuma ya lori. Kubadilisha mafuta hayo, pamoja na pedi nzuri, kunaongezea gari ya spoti usalama kuliko kitu kingine chochote utakachonunua kwa pesa hiyo.

Tairi nazo zina tarehe. Angalia ubavuni, baada ya herufi DOT, utafute tarakimu nne za mwisho. Zikisoma 2316, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Inaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira umekauka. Mtu akikuuzia rimu "na tairi zake bure", soma hizo namba kwanza.

Springi fupi? Kwa barabara zetu za matuta, sisi tungengoja. Kwanza fundi akague shokomzoba na bushi zilizoko.

Nguvu ije mwisho

Kuna watu watakuambia fundi fulani anaweza kuingiza programu mpya kwa kompyuta ya injini usiku mmoja, gari ipige risasi kwa ekzosi. Shida ni petroli. Gari hizi zilipangwa kwa petroli ya hali ya juu ya Japani, yenye oktani karibu 100. Super ya kawaida hapa iko chini ya hapo. Programu iliyochukuliwa kwa mtandao, au ya gari ya mtu mwingine, inaweza kufanya mafuta yalipuke kabla ya wakati ndani ya silinda, na pistoni za EJ hazivumilii hilo. Ukiamua kufanya, tafuta mtu anayepima gari yako yenyewe ikiwa na mafuta unayonunua wewe.

Usisahau bima. Mabadiliko yote yaandike kwa barua pepe kwa kampuni yako, maana yaliyofichwa yanaweza kukunyima fidia. Ukibadilisha rangi au injini, NTSA lazima irekebishe rekodi ya gari.

Sasa malipo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usimpe fundi shilingi zote 100,000 "aende akanunue spea". Nenda naye dukani, au aite duka kwa simu mbele yako, kisha ulipe kwa till ya duka. Jina likitokea kwa skrini, lisome kabla ya kuweka PIN. Kama duka linaitwa hivi na till inaleta jina la mtu usiyemjua, uliza kwanza.

Kazi ya fundi mlipe kwa vipande: kidogo akianza, iliyobaki gari ikishawaka na ukaiendesha. Watu hudhani malipo yoyote yanaweza kurudishwa. Ukikosea namba, tupigie mara moja. Lakini ukimlipa mtu kwa hiari naye akakosa kufanya kazi, hilo ni deni kati yenu, na hatuwezi kuchomoa pesa kwa akaunti yake.

Mkopo wa simu kwa mkanda unaokaribia kukatika, pengine. Kwa rimu, hapana. Za rimu ziweke kwa akiba iliyofungwa kidogo kila wiki, hata kama ni 500.

Mkanda ukishawekwa, piga picha ya dashibodi ikionyesha kilomita za siku hiyo, uihifadhi pamoja na risiti ya duka na ujumbe wa malipo. Siku ukiuza gari, mnunuzi naye atakuuliza risiti.